Kichwa cha chui kwa sponji ya magodoro: uzoefu wangu Lubumbashi

Nimeshaunda vichwa vitatu vya chui vya kuvaliwa na mashabiki wa Léopards (timu ya taifa ya soka ya Kongo), vyote kwa vifaa vya hapa mjini: sponji ya magodoro, gundi ya mafundi viatu na blanketi la manyoya. Sponji na gundi nitanunua tena. Blanketi, hapana.

Sponji chukua ya unene wa sentimita 2.5. Kipande cha mita 1 kwa 2 kinatosha kichwa kizima, masikio na pua. Mafundi wa viti wa Kenya (komine yetu, si nchi) watakukatia. Kabla ya kulipa, ibonyeze kwa kidole gumba. Ikichelewa kurudi, iache, la sivyo mashavu ya chui wako yatabonyea upesi. Ile ngumu sana nayo huchosha shingo.

Pima mzingo wa kichwa juu ya nyusi, ongeza sentimita 3 za bitana, unda pipa, kisha juu kata pembetatu kama maganda ya chungwa uzifunge pamoja.

Hapo ndipo gundi inapowashinda wengi. Paka pande zote mbili, nyembamba, usubiri dakika 10 hadi 15 mpaka ukigusa kwa mgongo wa kidole hainati. Ndipo ukutanishe, ukilenga sawasawa mara ya kwanza, kwa sababu ukivuta ili urekebishe, sponji huchanika kabla gundi haijaachia. Wakati wa mvua ngoja zaidi. Ukiona utando mweupe, unyevu umeingia na kiungo hakitashika. Fanyia kazi nje, mbali na mbabula (jiko la makaa): mvuke wa gundi unalevya, tena unawaka. Gundi ya bunduki, ile ya vijiti vinavyoyeyushwa kwa joto, siipendekezi. Inataka umeme, na ukiacha kichwa ndani ya gari juani, viungo vinalegea.

Sasa blanketi. Lile lenye mabaka ya chui linavutia dukani, lakini mabaka yale ya duara ni ya mgongo na mbavu. Usoni chui ana madoa madogo yaliyojaa, kwa hiyo ukilivisha usoni unapata mto wa sebuleni wenye masikio. Tena manyoya yake ni mafupi, kila mshono unaonekana. Tafuta kwenye mitumba koti la manyoya bandia ya rangi moja, yenye urefu wa sentimita 2 hivi, uchore madoa mwenyewe. Likate kwa wembe upande wa nyuma, kitambaa tu; mkasi hunyoa manyoya na kuacha mstari wa upara. Kwenye kila kipande chora mshale: manyoya yalale kutoka puani kwenda kisogoni.

Macho ni wavu wa plastiki, nje rangi ya jicho, ndani mweusi. Usipoupaka mweusi ndani, mwanga unakurudia na huoni njia. Mdomo acha wazi, weka feni ndogo ya kompyuta ya volti 5 ikisukuma joto nje, uiunganishe na betri ya kuchajia simu. Hata hivyo, kwa jua la Oktoba, dakika 20 zinatosha, kisha uvue unywe maji.

Bitana ishonee vishikizo ili itoke ifuliwe. Sponji yenyewe ikilowa jasho, ianike kivulini. Jua huigeuza njano, halafu inaanza kusagika.