MRI ya neva ya uso hapa Upper Hill, Nairobi: picha safi sana, mapokezi ndo shida

Nyota nne kwa tano, hiyo moja mapokezi wamejinyima wenyewe.

Kama uso unakupiga shoti kama ya stima ukipiga mswaki ama ukitafuna, usilipie tu MRI yoyote ya kichwa. Mamangu ashang'olewa gego hivihivi na uchungu ukabaki palepale, ndo baadaye daktari wa neva akasema hii si jino, ni neva ya tano, trijemino, akamwanzishia kabamazepini, dawa ya kutuliza huo uchungu wa neva, na akataka picha. Mahali pa kwanza walitupa ripoti ya "ubongo uko sawa" basi. Kumbe picha za kawaida zinakatwa vipande vya kama milimita 4 ama 5, na hiyo neva yenyewe ni nyembamba hivyo, mshipa wa damu ukiikandamiza utauonea wapi?

Hawa wa Upper Hill wana mashine ya tesla 3 (hiyo ni nguvu ya sumaku yake) na kabla ya kuanza yule fundi wa picha aliuliza ni upande gani, inauma shavu ama taya, halafu wakaongeza ile aina ya picha ya MRI inaitwa T2, ya vipande vyembamba chini ya milimita moja, maji ya ubongo yanatokea meupe na neva inaonekana kama uzi mweusi katikati, plus picha ya mishipa ya damu. Sasa mathe kuingia ndani feni ya mashine ikaanza kumpuliza shavu na baridi ndo adui yake mkubwa, akafinya ule mpira wa kuita, fundi akakuja mbio, "pole mama, naizima," akaizima wakaanza upya. Hapo walinibeba kabisa, juu ukitikisika picha inaharibika na pesa yako imeenda.

Daktari wa picha alituonyesha kwa skrini ateri imeshuka kutoka juu ikakunja na kulalia neva pale inapotoka kwa shina la ubongo, na neva ya kulia imekonda kushinda ya kushoto. Pia hakutudanganya, alisema kuna watu wengi tu mshipa umegusa neva na hawasikii chochote, kwa hivyo picha haitoshi bila dalili, ila inasaidia kuondoa mambo ya uvimbe na MS, ule ugonjwa kinga ya mwili inashambulia ubongo na uti wa mgongo. Miaka ya 1930 Walter Dandy, daktari wa upasuaji wa ubongo kule Marekani, alikuwa anaona hii kitu akishafungua kichwa cha mgonjwa, sisi tumeona tukiwa tumekaa kwa kiti.

Mapokezi sasa, aki. Umelipa na M-Pesa, meseji iko, wanakwambia sistimu haijaona, ngoja hapo. Bima nayo kuidhinisha ilikaa mpaka nikaanza kupiga simu mwenyewe. Ripoti waliahidi kesho yake, ikakuja baada ya kusumbuana.

Ukienda itisha CD usiondoke na karatasi peke yake, daktari wa upasuaji anataka kuona picha zenyewe, na mwambie fundi mapema kuhusu hiyo feni.