Kutoka Posta hadi Kariakoo kwa baiskeli

Mimi ni mzaliwa wa Temeke, Posta napita karibu kila siku. Jumapili iliyopita nimelipa elfu arobaini nikatembezwe mjini Dar es Salaam kwa baiskeli, na hela yangu haikwenda bure.

Tuliondoka saa moja na nusu asubuhi, watu sita, maduka ya Samora bado yamefungwa. Kituo cha kwanza sanamu ya Askari. Kaka aliyetuongoza hakuhutubia. Alimgeukia mama mmoja aliyetoka Morogoro, akamwambia, "Mama, hebu tusomee hapo chini." Mama akatoa miwani, akasoma kwa sauti maandishi ya Kiswahili yanayowakumbuka askari wa Vita Kuu, pamoja na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Sanamu hiyo ipo tangu 1927, na mimi sikuwahi kuinama kusoma.

"Sasa twendeni walikopiga kambi hao wapagazi," akasema kaka. Kumbe ndiyo Kariakoo! Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliwaweka pale wapagazi wao, Carrier Corps, na wenyeji wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao. Miaka ishirini nanunua vitenge pale, hakuna aliyewahi kuniambia.

Lawama yangu ni breki. Ya nyuma kwenye baiskeli yangu ilikuwa haishiki, nabana mpaka mkono wa breki unagusa usukani. Kaka akaikaza waya kwa spana pale Mnara wa Saa, lakini tulipofika Mtaa wa Uhuru ikalegea tena. Bodaboda akanikatia mbele, nikasimama kwa kuburuza viatu. Moyo ulinienda mbio. Kaka akanipa baiskeli yake, akapanda ile mbovu, akaomba radhi vizuri. Hata hivyo, breki hukaguliwa kabla mteja hajapanda. Hili walirekebishe haraka, maana barabara zetu hazina huruma.

Tulimalizia Kariakoo kwa kahawa chungu na kashata za karanga, zimo kwenye bei. Muuza kahawa alimfahamu kaka kwa jina, akatusogezea benchi, tukakaa karibu nusu saa tukiuliza maswali.

Ukienda, vaa viatu vya kufunika vidole na ubane breki zote mbili kabla hujatoka getini. Usichelewe pia: safari ni moja tu kwa asubuhi.