Kusema wazi au kusema kwa upole: Mtanzania na Mjerumani ofisi moja

Ukifanya kazi na Wajerumani hapa Dar es Salaam, utakutana na namna mbili za kumwambia mtu kwamba kazi yake ina kasoro.

Ya kwanza ni kusema wazi, hata kikaoni: "Hesabu hii imekosewa, irekebishe leo." Mjerumani haoni tusi hapo, anazungumzia hesabu, si mtu. Na kweli, kila mmoja anatoka akijua kifanyike nini, lini. Lakini kwetu, anayekosolewa mbele ya walio chini yake husikia aibu tu. Nimemwona mhasibu akijibu "sawa", akafunga daftari taratibu, na wiki nzima hakuuliza swali hata moja.

Ya pili ni yetu: salamu, habari za nyumbani, kisha pembeni, "Dada, hapa naona kama tuangalie tena." Heshima inabaki. Ila mgeni huenda akaondoka akidhani hakuna tatizo. "Tutaangalia" yetu, ambayo mara nyingi ni hapana ya upole, yeye anaiingiza kwenye ratiba!

Kukosoa, mimi nachagua ya pili: faraghani, salamu kwanza, lakini kosa lenyewe nalitaja kwa jina na tarehe ya kulirekebisha. Kwenye muda nachagua uwazi bila kusita. Saa mbili asubuhi yetu ni 08:00 kwenye simu yake, kwa hiyo kwenye mwaliko naandika zote mbili.