Uzoefu wangu: lifti ya nguzo mbili kwa magari mazito katika gereji yenye paa la chini

Gereji yangu iko Kizota, Dodoma, katika banda la kupanga ambalo kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa kenchi ni mita 3.45. Magari tunayopokea zaidi ni Land Cruiser za kazi, pamoja na HiAce za abiria zinazokwenda Kondoa, Kongwa na Mpwapwa. Kwa miaka sita kazi zote za chini ya gari tulizifanya ndani ya shimo au kwa jeki na stendi. Siku moja stendi iliteleza wakati kijana wangu akifungua gia boksi ya Land Cruiser, na alitoka mzima kwa sababu tu tulikuwa tumelaza gurudumu la akiba chini ya chesisi. Jioni hiyo hiyo niliamua kununua lifti, na sikutaka tena kusikia kwamba banda letu ni fupi mno.

Muuzaji wa kwanza, wa Dar es Salaam, alinipendekezea lifti ya nguzo mbili yenye boriti ya juu inayounganisha nguzo, ambapo hozi na nyaya za chuma hupita. Ni aina nzuri, kwa kuwa sakafu hubaki wazi, lakini urefu wake ulikuwa mita 3.75 na alijua vipimo vya banda langu. Alinishauri nikate kenchi mbili. Kenchi ndizo zinazobeba paa na banda si langu, kwa hiyo niliachana naye. Kuinua paa zima nako kulikuwa nje ya uwezo wangu, na kuhama halikuwa jambo la kufikiria, kwani tangu Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016 mabanda yenye paa refu yamekuwa ya kugombaniwa. Lifti ya mkasi niliikataa upesi, kwa sababu huziba katikati ya gari, mahali penyewe tunapofanyia kazi za gia boksi na propela.

Iliyobaki ni lifti ya nguzo mbili yenye bamba la sakafuni, ambayo nyaya na hozi zake hupita chini, ndani ya bamba, na nguzo zake husimama peke yake. Niliyonunua ina urefu wa mita 2.85 na uwezo wa tani 5. Land Cruiser ya kazi ikiwa tupu ina uzito unaozidi tani 2, na ikiwa na mzigo wake halali hupita tani 3, ila hizo tani 5 zimegawanywa kwa mikono minne ya lifti inayobeba gari. Gari lenye mzigo mwingi nyuma linaweza kuuelemea mkono mmoja kupita kiwango hata kama jumla ya uzito iko chini ya tani 5, na ndiyo maana hatupandishi pikapu yoyote kabla ya kushusha mzigo.

Hesabu ya urefu ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi. Karatasi ya lifti husema inanyanyua hadi mita 1.8 au 1.9, na mtu hudhani lazima ajumlishe urefu wote huo na urefu wa gari. Kipimo hicho ni cha vikalio vya mikono, yaani sehemu zinazokalia chesisi, kutoka sakafuni, ilhali vikalio hugusa chesisi ya Land Cruiser vikiwa tayari kwenye sentimita 45 hivi. Paa la gari huanza kupanda kuanzia hapo tu. Land Cruiser niliyoipima ina urefu wa mita 1.95. Nikiiachia sentimita 10 chini ya kenchi, magurudumu yake yanaweza kuachana na sakafu kwa mita 1.4, na chesisi ikafika mita 1.85 kutoka sakafuni, kiasi kwamba fundi wangu mrefu kuliko wote anasimama chini yake bila kuinama, mradi aikwepe difu. Hali hubadilika gari likiwa na keria, nasi sasa huifungua kwanza. HiAce ya paa la juu, yenye mita 2.28, huishia mita 1.07 kutoka sakafuni, na kwa kuwa chesisi yake iko chini, fundi hulazimika kukaa kwenye kigoda cha magurudumu. Si raha kamili, lakini ukilinganisha na kulala chali juu ya boksi, mgongo unashukuru.

Jambo ambalo hakuna muuzaji aliyenieleza ni nafasi kati ya meno ya usalama, yale ya chuma kwenye nguzo yanayolishikilia gari likiwa juu. Gari halitakiwi kubaki likining'inia kwa haidroliki. Hupandishwa kupita jino kidogo, kisha hushushwa likalie chuma. Katika banda refu nafasi hiyo haina uzito. Kwangu, lifti yenye meno yaliyoachana kwa sentimita 20 ingeweza kuninyima urefu ambao tayari ni haba, kwa hiyo nilichagua yenye meno kila sentimita 10, ingawa bei ilizidi kwa karibu robo. Niliomba pia cheti cha kiwango cha Ulaya cha lifti za magari, EN 1493, na nikahakikisha namba ya mashine iliyo kwenye cheti ndiyo iliyo kwenye kibandiko cha nguzo.

Sakafu ya zamani ilikuwa na unene wa sentimita 7 tu. Tuliikata, tukamwaga zege la sentimita 20 lenye nondo, na tukasubiri siku 28 kabla ya kukaza boliti. Ulikuwa mwezi wa Agosti, upepo mkavu ukipiga kutwa, na zege la Dodoma wakati huo hukauka juu kabla halijashika ndani. Tulilifunika kwa magunia na kuyamwagia maji asubuhi na jioni. Wateja walinung'unika kwa kuchelewa, na sikuona sababu ya kupunguza hata siku moja.

Sasa ni mwaka na miezi minne. Kasoro ziko tatu. Bamba la sakafuni lina kimo cha sentimita 4, na jeki ya gia boksi haivuki bila watu wawili. Vumbi jekundu huingia chini ya bamba hadi kwenye roda za waya, kwa hiyo kila mwisho wa mwezi tunafungua kifuniko, tunapiga brashi na kupaka grisi. Ya tatu ni nzito zaidi: lifti hii haina ile fito ya juu inayozima mota paa la gari linapoigusa. Nilipiga mistari ya rangi kwenye nguzo, mwekundu wa Land Cruiser na wa njano wa HiAce, na hairuhusiwi kupandisha gari pasipo mtu wa pili anayetazama kenchi.

Umeme nao una funzo lake. Mota ni ya kilowati 2.2 ya fezi moja, nayo ina waya wake yenyewe kutoka kwenye bodi. Siku moja umeme ulikatika HiAce ikiwa juu, abiria wake wakisubiri, na haikushuka, kwa sababu ili meno yaachie ni lazima gari linyanyuliwe kidogo kwanza, na kunyanyua kunahitaji mota. Tuliazima jenereta kwa jirani. Wiki iliyofuata nilinunua ya kwangu.

Coaster bado tunazipeleka shimoni. Kwa urefu wake, hakuna lifti ya nguzo mbili itakayoifaa chini ya kenchi hizi, na shimo sikulifukia.