Kuona kasa Ushongo: pikipiki niliiacha chini ya mnazi

Mimi ni fundi pikipiki Ngamiani, Tanga, mwaka wa 19 huu. Natanguliza hilo ili msomaji ajue kwamba anayeandika hapa hachukii injini. Injini ndiyo iliyonijengea nyumba na kunisomeshea watoto.

Kwa hiyo Jumamosi iliyopita, nilipofika Ushongo, pwani ya kusini mwa Pangani, kuona watoto wa kasa wakitoka kiotani, nikaambiwa nizime pikipiki, niiache chini ya mnazi na nitembee mchangani nusu saa, nilikasirika kwelikweli. Nilikuwa nimeshalipa kwa simu tangu Alhamisi, shilingi 30,000 kwa kila kichwa, mimi na shemeji yangu, na aliyepokea hela hakugusia habari ya kutembea. Tulikuwa tumetoka Tanga asubuhi, tumevuka Pangani kwa pantoni hadi Bweni, tumekula vumbi la mashamba ya mkonge, na pwani ile imenyooka mbele yangu, mchanga mgumu uliopwa maji, mahali ambapo pikipiki ingepita kwa dakika tatu.

Mzee aliyetuongoza ni mvuvi wa zamani. Tulimwamkia, akaitika, na hakubishana nami. Aliokota kijiti cha mvinje, akakichoma mchangani juu ya mstari wa maji, pale pasipokanyagwa. Kikazama hadi vidole vyake vikagusa mchanga. Akasogea hatua chache, kwenye alama ya tairi ya siku nyingi, akachoma tena. Kijiti kikavunjika. "Mwanangu," akasema, "mtoto wa kasa hana hata kijiti."

Hapo nikaanza kusikiliza. Kasa huchimba shimo la kina cha mkono wa mtu, hutaga mayai yapatayo mia na zaidi, hufukia na kurudi baharini. Mayai hukaa humo kama miezi miwili. Watoto wakianguliwa hupanda juu kwa pamoja, wakiusukuma mchanga kwa vichwa na vipezi. Tairi likishaushindilia mchanga ule, wengine hawatoki. Wanaotoka wakikuta mfereji wa tairi hutumbukia, na badala ya kwenda baharini huufuata mfereji hadi kaa au kunguru awakute. Mfereji wenyewe hauzidi kina cha kiganja changu, lakini kwa kiumbe anayetosha mkononi ni ukuta.

Kiota chetu hakikutagwa pale. Kilihamishwa kutoka Maziwe, kisiwa cha mchanga kilicho mbele ya Ushongo, hifadhi tangu mwaka 1975. Siku hizi maji yakijaa sana Maziwe hufunikwa, na mayai yakiachwa huko huzama. Tulikuwa na bibi mmoja wa Pangani, wa miaka sabini na kitu, aliyekuja na mjukuu wake. Alituambia kwamba usichana wake Maziwe ilikuwa na mivinje mirefu na wavuvi walipumzika kivulini. Mivinje haipo tena. Kasa bado wanakwenda kutaga palepale.

Bibi huyo ndiye aliyenionyesha kasoro kubwa ya huduma hii. Anatembelea mkongojo, na baada ya hatua mia hivi magoti yalikataa. Mzee alimwita kijana mwenye ngalawa, wakamkalisha vizuri na kumpeleka kwa upondo, ufukweni kwa ufukweni, hadi kiotani. Alifika mapema kuliko sisi na alifurahi. Lakini alidaiwa 10,000 zaidi, na hapo sikubaliani nao hata kidogo. Mkikataza chombo cha moto, jambo ambalo sasa naliunga mkono, ngalawa ya asiyeweza kutembea iwe ndani ya bei ileile, na itajwe kabla mtu hajatuma hela. Marufuku isimfungie mlango mtu mwenye goti bovu.

Tulikaa kumngojea mzee afungue mchanga. Ilikuwa alasiri, kusi linavuma, maji yanaanza kurudi. Shemeji, ambaye mara nyingi ni mtu wa maneno, alikuwa kimya. Kisha akasema, "Haya mambo ya kijiti nimeyaona kwenye theluji."

Shemeji yangu alifanya kazi ya jikoni majira manne ya baridi huko Marekani, katika mji mdogo wa West Yellowstone, mlangoni kabisa mwa hifadhi ya Yellowstone. Kule theluji ikishika, barabara nyingi za ndani ya hifadhi hufungwa kwa magari ya kawaida, na watu huingia kwa pikipiki za theluji, zenye ski mbele na mkanda wa mpira nyuma, au kwa magari makubwa ya theluji yanayobeba abiria wengi. Pikipiki hizo zilianza kuingia mwaka 1963. Miaka ya tisini siku yenye watu wengi zilipita elfu moja. Nyingi zilikuwa za tustroki. Wenyeji wake walimsimulia kwamba askari wa getini walifika mahali pa kuvaa vinyago kwa sababu ya moshi.

Hilo nililielewa kwa pua. Injini ya tustroki inaunguza oili pamoja na petroli, na sehemu ya mafuta inatoka kwenye ekzosi bila kuungua. Moja ikiwaka asubuhi gereji nzima inakuwa ya buluu. Elfu moja, kwenye baridi ambayo moshi haupandi, sitaki hata kufikiri.

Baada ya kesi za miaka na miaka juu ya pikipiki hizo, hifadhi ilitoa kanuni mwaka 2013. Kwa siku yanaruhusiwa hadi makundi 110, na kati ya hayo ya pikipiki ni hadi 50. Kundi halizidi pikipiki kumi, lazima liwe na kiongozi, na pikipiki iwe imefaulu kipimo cha moshi na kelele. Haziruhusiwi kutoka nje ya barabara. Sababu, kwa alivyoelezwa shemeji, ni kwamba majira ya baridi mnyama anaishi kwa akiba ya mafuta ya mwilini. Baisani, nyati wao wa manyoya, akikurupushwa akakimbia kwenye theluji inayomfika tumboni, anatumia nguvu ambayo hana pa kuirudisha mpaka majani yaote. Na chini ya theluji, kati yake na udongo, kuna nafasi wanamoishi panya wadogo wakijikinga na baridi. Theluji ikishindiliwa, nafasi ile inakwisha. Ndicho kijiti cha mzee.

Nilimwuliza swali ambalo fundi lazima aulize: na waliokuwa wakikodisha zile pikipiki? Akasema mji uligawanyika. Wapo waliouza mashine zao, na wapo walionunua za fostroki, zisizochanganya oili na petroli, zilizofaulu kipimo, wakasomea uongozaji na wanaendelea kula humo. Niliwaza sana jambo hili nikiwa njiani kurudi. Injini ile ilikuwa mbovu kwa moshi miaka yote, na watengenezaji walikuwa na ujuzi wa kuibadili. Walisukumwa na masharti. Kwa hiyo sikubali nikisikia vijana wenzangu wa gereji wakisema kila katazo la chombo cha moto ni uadui wa kazi yetu. Wamarekani walishaandika tangu mwaka 1972, kwa amri ya Rais Nixon, kwamba vyombo vinavyotoka nje ya barabara kwenye ardhi ya umma vipangiwe njia zake, na vya theluji vimo. Tangu 2015 misitu yao ya taifa yenye theluji ya kutosha inatakiwa iwe na ramani inayoonyesha pikipiki ya theluji ipite wapi, na pasipo kwenye ramani haipiti. Pikipiki ina barabara yake. Mimi ninayoitengeneza sioni tusi hapo.

Basi mzee akaanza kufukua kwa vidole, taratibu. Kwanza mchanga ukabonyea wenyewe kama unavuta pumzi. Kikatokea kichwa cheusi, kidogo kuliko plagi. Kingine. Kisha wote kwa mara moja, wanapandiana, vipezi vinapiga. Nilihesabu hadi sabini na kitu nikapotea. Mzee alituweka pande mbili, tukaacha njia katikati, na hakuna aliyeruhusiwa kuwashika. Ndege mmoja alipita juu, bibi akamfukuza kwa mkongojo. Na ukimya ule! Nilisikia vipezi vikikwaruza mchanga. Ingekuwapo injini moja tu inayonguruma karibu, nisingesikia, na nisingejua kwamba kuna kitu sijasikia. Kwa sauti hiyo peke yake 30,000 zangu zimerudi.

Natoa nyota nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya mambo mawili: kutotaja masharti kabla ya malipo, na ile 10,000 ya bibi. Choo ni safi. Maji ya kunywa beba mwenyewe. Chakula hakimo kwenye bei, ila Pangani mjini kabla ya kivuko utapata wali wa nazi na samaki mzuri. Vaa kandambili, si viatu vya kufunga. Pikipiki yangu ililindwa na kijana wa mnazini, nilimpa 2,000 kwa hiari yangu, na nilipoondoka niliisukuma hadi barabarani ndipo nikawasha.

Piga simu kwanza uulize kama kuna kiota kinachokaribia. Kama hakuna, wanakwambia hakuna, na hawapokei hela yako.