Nyari ya Marafa: usiishie ukingoni

Nyari ni bonde lenye miamba ya rangi rangi kijijini Marafa, karibu na Malindi, pwani ya Kenya. Nimelipa nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeinyima kwa sababu ya dereva aliyetufikisha saa sita mchana, jua la utosi, ili awahi kurudi Malindi. Saa hizo miamba huonekana imepauka, na joto la mle bondeni halimithiliki. Tulimgomea, tukakaa kivulini mpaka alasiri. Ukikodi gari, patana kabisa kwamba mtafika saa kumi na kuondoka baada ya jua kuzama.

Kutoka Malindi unavuka daraja la Sabaki, kisha unaingia bara kilomita 30 na ushei. Marafa ni kijiji cha kawaida, huoni dalili yoyote mpaka ardhi ikatike ghafla mbele yako.

Wengi hupiga picha pale juu wakaondoka. Wanajipunja! Shuka na kiongozi wa pale kijijini. Kule chini kuta zinakuzunguka: nyeupe, waridi, chungwa, hadi ile rangi ya damu ya mzee. Nilipopitisha kidole ukutani, chembe za mchanga zilibanduka zikanijaa kwenye kucha. Jiwe lenyewe ni la mchanga, laini, na fundi wake mkuu ni mvua. Maji yakiteremka huchimba vifereji, vifereji hupanuka vikawa makorongo, na kinachosalia katikati ni nguzo zilizochongoka kama minara. Wekundu unatokana na chuma kilichomo mchangani, kinachoshika kutu. Penye chuma kidogo pamebaki peupe. Na kazi bado inaendelea, masika yakija ukingo unazidi kuliwa, kwa hiyo usisogee sana kutafuta picha.

Kiongozi wetu, Mgiriama, alikuwa na maelezo yake: hapo paliishi matajiri wa ng'ombe walioogea maziwa, Mungu akachukizwa na israfu yao akawadidimiza. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu yao. Alisimulia bila hata kutabasamu, na kusema kweli hadithi yake inanata kuliko habari za kutu.

Vaa viatu vinavyoshika ardhi, ndara hazifai kwenye ule mteremko. Beba maji yako. Mvua ikiwa imenyesha siku hiyo, ahirisha, kunateleza vibaya. Na kiongozi mpe chochote mbali na kiingilio, maana kupanda na kushuka na wageni kwenye joto lile si mchezo.