Rangi ya kuzuia utelezi kwenye ngazi za nje: miezi kumi baadaye

Nyumba yetu iko mlimani Isamilo, na anayeijua Mwanza anaelewa: gari unaliacha chini, halafu unapanda ngazi kumi na saba za zege katikati ya mawe. Fundi alizimalizia kwa niru, ule uji wa saruji unaosuguliwa mpaka ulainike, zikang'aa kama sakafu ya sebuleni, na mimi nikamsifu. Masika yalipoanza ukoga wa kijani ukaota upande wa kivulini. Mama mkwe akashuka ngazi nne kwa makalio, beseni la dagaa likimtangulia. Hakuvunjika popote, namshukuru Mungu, ila dagaa tuliwaokota mpaka jioni.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuzipaka ngazi rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka nondo za madirisha. Ikilowa, afadhali niru. Na kwa kuwa zege lilikuwa na unyevu ndani, rangi ilivimba malengelenge, ikabanduka magamba magamba kama sato anayeparuliwa.

Mwezi wa saba, jua limekaza, nikaenda duka moja mjini. Muuzaji alinisukumia epoksi: "Kaka, hii ni kiboko." Kwa gereji au stoo, sawa, lakini epoksi ikipigwa jua muda mrefu hugeuka manjano na kutoa unga. Nikachukua rangi ya akriliki ya sakafu za nje, isiyong'aa, galoni moja ya lita 4.

Kupaka ni kazi ya asubuhi moja. Maandalizi yalinila wiki. Rangi ya zamani tuliikwangua kwa brashi ya waya, ukoga tukauua kwa jiki na maji. Kijana aliyekuja kunisaidia akataka kumwaga asidi hapo hapo ili kukwaruza ile niru. Nilimshika mkono. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na hiyo inaunguza mapafu. Tulisuuza kwa maji mengi, siku iliyofuata tukasuuza tena, ndipo asidi ikapakwa kidogo, imezimuliwa, naye amevaa glovu na buti. Baada ya kuisuuza nayo na kuacha pakauke, nikabandika kipande cha nailoni kwenye ngazi kwa utepe wa gundi usiku kucha, kupima kama zege bado lina unyevu. Asubuhi kilikuwa na matone kwa chini, kwa hiyo tukasubiri siku tatu zaidi.

Kinachoshika mguu hasa ni mchanga, rangi inaushikilia tu. Wa ziwani hauna chumvi, ila una tope na vipande vya konokono, kwa hiyo niliuosha, nikauanika, nikauchekecha kwa kipande cha chandarua. Mkono wa kwanza ukiwa mbichi unaunyunyiza kama chumvi kwenye samaki. Ukikauka unafagia uliolegea, unapaka mkono wa pili.

Vuli imepita, masika yamepita, hakuna aliyeanguka. Kero zipo: dekio linachanika, watoto wakipita pekupeku wanalalamika, na ngazi ya tatu, pale maji ya bati yanapodondokea, rangi imeisha mpaka zege linaonekana. Ukoga nao haujahama, kila mwezi nasugua. Hela ikipatikana nitaweka gata kwanza, rangi baadaye.

Mama mkwe bado anashuka ameshika ukuta, na beseni la dagaa siku hizi anambebesha mjukuu.